Kisanduku cha Pili

Swali la saba: Je, unavuta sigara?
Kisanduku cha kwanza, ndiyo. Cha pili, hapana.
Nililitunga mwenyewe kwa ajili ya tasnifu yangu,
nikatoa nakala mia mbili
kwenye duka la fotokopi nyuma ya chuo, hapa Malang,
na mwenye duka alizihesabu sigara ikimning'inia mdomoni,
majivu yakidondokea neno "afya".

Wavulana hawakunipa taabu.
Niliwakuta kwenye ngazi za jengo la uhandisi,
huyu akimwashia yule kwa ncha ya sigara yake.
Bagaskara aliweka alama ya ndiyo kabla ya kusoma swali,
akauliza kama kuna kisanduku cha "mno".
Wakacheka. Moshi wao wa karafuu
ukapanda, ukaizunguka bendera,
ukaingia darasani kabla ya mhadhiri,
na hakuna aliyeuuliza unakwenda wapi.
Tirta peke yake havuti; ana pumu.
Ila huchomeka moja nyuma ya sikio
asije akaulizwa anaumwa nini.

Wasichana tisini na wanne.
Hapana.
Hapana.
Kalamu zinashuka hadi kisanduku cha pili
kama miguu inayojua njia ya nyumbani gizani.
Sekar alikuwa na peremende ya mnanaa chini ya ulimi.
Dyah alijipulizia marashi ya watu wawili.
Na yule wa chumba namba tisa, bwenini kwetu,
ambaye kila usiku, saa tano ikishapita,
hufungulia bomba la bafuni
na hatoki akiwa amelowa,
alinitazama machoni, akatia alama yake
taratibu, kwa mkono uliotulia kuliko yote,
akanirudishia kalamu.

Sikumlaumu.
Saa sita, bomba nalifungulia mimi.

Mama yangu anasokota sigara, kiwandani Kediri.
Elfu tatu kwa siku.
Safu kwa safu za wanawake, aproni nyekundu,
vidole havishikiki kwa macho:
tumbaku, karatasi, gundi, mkasi,
tumbaku, karatasi.
Ada yangu imetoka humo.
Kitabu changu cha maradhi ya mapafu kimetoka humo,
jalada gumu, picha za rangi.
Hajawahi kuvuta hata moja.

Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini.
Alikuwa anakuna gundi kwenye kucha.
"Mwanamume akivuta, watu huona moshi," akasema.
"Mwanamke akivuta, humwona yeye."
Kisha akanivuta karibu anisuke,
akaninusa utosini,
mikono ikasimama.
Nikasubiri.
Ikaendelea kusuka, ikikaza zaidi kidogo.
Asubuhi, ndani ya basi, nilifungua begi kutafuta nauli
nikakuta pakiti tatu za mnanaa,
zimefungwa kwenye leso yake ya kazini.

Profesa ameyapenda matokeo.
Wavulana sabini na wawili. Wasichana hakuna.
"Safi," kasema, "tofauti iko wazi kabisa,"
akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti.

Safi ni kweli. Safu ya wasichana
inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki
na mtu aliyekuwa na sababu ya kuipiga.
Sidai haki ya kukohoa ngazini.
Nimezisoma zile picha za rangi,
najua pafu likikatwa halionyeshi
lilikuwa la kaka au la dada.
Lakini tisini na wanne,
na mimi wa tisini na tano, ambaye sikujipa karatasi...

Usiku huu nimefika ukurasa wa mwisho,
pale wanapotutaka tueleze upungufu wa utafiti.
Wengine huandika: muda ulikuwa mfupi, fedha hazikutosha.
Namba tisa amekwisha kutoka bafuni.
Namsikia akipita mlangoni kwangu, ndala zake kavu.

Nimeandika sentensi moja,
nimeifuta mara mbili, nimeirudisha:
Wakati wa kukusanya majibu,
maji yalikuwa yakimwagika.